Takriri katika Hadithi Fupi Sana

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimeandika hadithi ya ukurasa mmoja kuhusu mama anayemngoja mwanawe kwenye kivuko cha Magogoni. Nimerudia neno “Hakushuka” mara saba ili msomaji aguswe, lakini wenzangu wanasema linachosha. Je, nilifute?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Usilifute, bali lipunguze. Takriri, yaani kurudia neno kwa makusudi, hugusa moyo pale neno linapobaki lile lile huku hali ikiwa imebadilika, kama ilivyo kwa kibwagizo cha shairi, ambacho husikika kwa uzito mpya katika kila ubeti kutokana na yaliyotangulia. “Hakushuka” ya kwanza na iwe taarifa tupu: pantoni imefika, abiria wametawanyika, yeye hayumo. Ya pili ije jioni, mama akiwa bado ameshika chakula alichomfungia mwanawe, ili neno lianze kubeba hofu. Ya tatu mpe muuza kahawa, ambaye kwa kuitamka kabla hajaulizwa atatuonyesha kwamba amemtazama mama huyu kwa siku nyingi. Kwangu mimi hapo ndipo penye uchungu wa kweli. Kisha mwache mama amjibu, “Hajashuka,” kwa kuwa badiliko hilo dogo linatuambia kwamba bado anangoja.

Ondoa pia “kwa huzuni” na “kwa majonzi”, maana takriri imekwisha kuifanya kazi hiyo. Isome hadithi kwa sauti. Utakapohisi neno linajirudia bila kuongeza kitu, kata hapo.