Bondi Dhaifu Huwezaje Kuchochea Mmenyuko?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha kemia katika sekondari. Wanafunzi wangu wanajua kwamba bondi ya haidrojeni ni dhaifu kuliko bondi kovalenti, lakini nimesoma kwamba hutumika kuchochea mmenyuko ndani ya mata za kikaboni zenye vitundu. Inawezekanaje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, udhaifu huo ndio unaofaa. Bondi ya haidrojeni, yaani mvuto kati ya haidrojeni yenye chaji chanya kidogo na atomi kama oksijeni au naitrojeni, huvunjwa, mara nyingi, kwa kilojuli 10 hadi 40 kwa moli, ilhali bondi kovalenti ya kaboni kwa kaboni huhitaji takriban 350. Kichocheo basi huweza kuishika molekuli, kikavuta elektroni zake kidogo, kisha kikaiachia kazi inapokwisha.

Chukua epoksidi, pete ya kaboni mbili na oksijeni moja iliyobanwa mno. Kundi la yurea, lenye N–H kama zilizomo katika mbolea ya yurea, huelekeza haidrojeni zake mbili kwenye oksijeni hiyo na kuituliza chaji hasi inayojikusanya pale ayoni ya bromidi inapoishambulia kaboni ya jirani. Pete hufunguka, kaboni dioksidi huingia, na hufungwa pete mpya ya atomi tano iitwayo kaboneti ya mzunguko, ambayo jamii yake hutumika kama viyeyushi katika betri za lithiamu.

Vitundu vina kazi gani? Yurea zilizo huru hushikana zenyewe kwa zenyewe, N–H ya moja kwenye oksijeni ya nyingine, hata zisibaki na nafasi ya kuishika epoksidi. Zikifungwa kwenye kuta za fremu ngumu, yaani mtandao wa molekuli zilizounganishwa wenye vitundu ndani yake, haziwezi kukaribiana. Mwaka 2012 watafiti wa Northwestern University, Marekani, walilithibitisha wazo hili kwa fremu yenye metali, na vitundu vyake vikachagua molekuli kwa ukubwa. Fremu za kikaboni tupu, ambazo mwanakemia Omar Yaghi na wenzake walizitangaza mwaka 2005, zinafaa kwa wazo hilohilo.

Tahadhari moja, ambayo naiona muhimu kuliko yote: haidrojeni iliyokwisha kushikwa haichochei. Katika baadhi ya fremu, kundi la haidroksili (O–H) huishika naitrojeni iliyo jirani na kuukinga ukuta dhidi ya maji na asidi, kazi nzuri lakini tofauti. Methanoli nayo, ikitumiwa kama kiyeyushi, mara nyingi hupunguza kasi, kwa kuwa haidrojeni na oksijeni zake huwahi kuzishika yurea kabla ya epoksidi kufika.