Je, kutuliza nafsi kwa kufuata pumzi ni haramu kwa mgonjwa?

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Nina endometriosi. Hedhi ikija hulala kitandani kwa maumivu, na huzuni imenitawala. Mshauri nasaha amenifundisha kukaa kimya kila siku, nifuate pumzi na kuyaacha mawazo yaje na kupita. Mama mkwe anasema hiyo ni ibada ya Wabudha. Niache?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah akuafu, dada yangu.

Kwanza, ugonjwa wako ni wa kweli: tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Haukutokana na uchache wa imani. Wanawake wengi huambiwa "vumilia, ndiyo hedhi," wakachelewa kutibiwa, nami huumia kila ninapolisikia hilo.

Mama mkwe ana haki ya kuuliza, kwani asili ya zoezi hili imo kwa Wabudha. Lakini hili la hospitali lilipangwa na mwanasayansi Jon Kabat-Zinn huko Marekani mwaka 1979 kwa wagonjwa wa maumivu sugu, likavuliwa ibada. Ukivuta pumzi na kulegeza mwili hukumwabudu yeyote. Ukiambiwa uombe kiumbe au usujudie sanamu, hapo simama. Na lisikutoe kwa daktari: Mtume (s.a.w.) amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa (Bukhari).

Usidhani subira ni kunyamaza. Bibi Maryam, uchungu wa kuzaa ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alisema: "Laiti ningekufa kabla ya haya" (19:23). Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa atikise mtende ale tende mbivu. Mwili wake ulihudumiwa palepale, katikati ya kilio. Basi nawe lia, mwambie mumeo panapouma.

Siku za hedhi hutakiwi kuswali, ila mlango wa dhikri na dua haukufungwa. Bibi Aisha alilia hedhi ilipomjia safarini Hija. Mtume akamwambia ni jambo Allah aliloliandikia mabinti wa Adam, afanye yote afanyayo hujaji isipokuwa kutufu, yaani kuizunguka Al-Kaaba. Kwa hiyo adhana ikilia, kaa, vuta pumzi taratibu, na kila uitoapo sema "Ya Latwif" (Ewe Mpole) moyo ukiwa hapo hapo. Damu ikipita siku za ada yako, tuandikie tena, maana huenda ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, na mwenye istihadha huoga akaswali.

Wallahu a'lam.