Mbona ulirudi, na mbona umeondoka tena?

Wadogo zangu wa mtaa wa Shela, Malindi, asalaam aleikum. Mmeniuliza bila kuzunguka: kama Ulaya ni shida, mbona nilirudi Malindi, kisha nikaondoka tena? Nami sitawaficha.

Italia sikufika kwa akili zangu. Shangazi aliolewa huko, akanipokea, akanitafutia chumba na kazi ya kuosha vyombo hotelini. Naye asingekutana na mumewe lau Waitaliano hawakuizoea Malindi tangu enzi za San Marco, kituo chao cha kurushia roketi pale Ngomeni, miaka ya 1960. Njia niliikuta imeshakanyagwa. Miaka tisa baadaye nikarudi na akiba yangu.

Nilinunua friza mbili na mizani, alfajiri nikasimama ufuoni kungoja samaki. Boti zikaingia. Changu na tafi wakashushwa, wakapita mbele yangu kwenda kwa tajiri mwingine, ilhali bei yangu ilikuwa juu ya yake. Nahodha mmoja niliyesoma naye chuoni kwa maalimu akanishika bega: "Huyu ndiye aliyetununulia mashine. Mke wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyelipa. Wewe ulikuwa wapi?" Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana yaliniingia.

Miaka yote ile nilimtumia mama pesa kila mwezi kwa M-Pesa, nikadhani nimeishika nyumbani. Kumbe nilimshika mama tu. Wavuvi, mafundi, rika langu lote, sikumpigia hata mmoja, hata kwenye misiba yao. Fedha nilirudi nayo, watu sikuwa nao.

Simu iliyolia ilikuwa ya Ulaya. Mwenzetu wa mtaa wa Barani, huko huko Malindi, aliyetangulia Ujerumani alisema jikoni kwao pana nafasi, na chumba kipo. Kibali changu cha kuishi Ulaya muda mrefu, nilichokipata Italia, nacho kina sharti lake, mlijue mnaotamani kuja: ukikaa nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo, umekipoteza. Lakini kinakuruhusu kuomba kuhamia nchi nyingine nyingi za Umoja huo ukiwa na kazi. Mwezi wa 11 nikapanda ndege, nikaishia Stuttgart.

Maisha hapa? Kazi ipo, mshahara hauchelewi, na upweke ni mzito. Kiitaliano nilikiokota ufuoni nikiwa mtoto. Kijerumani nakianza alifu kwa ujiti, usiku, baada ya kazi. Lau si yule wa Barani, wiki ya kwanza ingenishinda.

Nataka kurudi tena, kwa dhati. Safari hii naanza na yule nahodha. Nampigia kila Ijumaa baada ya sala, hata kama hatuna la biashara. Juzi kaniambia kusi imechafua bahari, boti zote ziko nchi kavu, wanashona nyavu, na mkewe amepata nafuu.