Jibu: Buli la Utah linachorwa vipande vipande

Ndugu, umeuliza kwa nini faili la buli la Martin Newell (Chuo Kikuu cha Utah, 1975), umbo la 3D la kujaribia michoro ya kompyuta, linakuchorea vipande vilivyotawanyika. Kosa liko kwenye kuhesabu. Nakala inayosambaa zaidi inaanza na 32, idadi ya viraka vya Bezier, yaani vipande vya uso uliopinda, kila kimoja kikiongozwa na nukta 16. Kila mstari unaofuata una namba 16 zinazotaja nukta, kisha inakuja 306, idadi ya nukta, na nukta zenyewe: x, y, z. Namba zinazotaja nukta zinaanzia 1, ilhali safu za lugha ya programu ya C zinaanzia 0. Toa 1 kwenye kila namba kabla ya kuitumia.

Buli likilala ubavu, kumbuka kwenye faili hilo z ndiyo inayoelekea juu, si y. Geuza (x, y, z) iwe (x, z, -y). Ukigawa kila kiraka 10 kwa 10 unapata pembetatu 6,400, zinatosha kabisa.

Sasa sogea karibu na kirungu cha kifuniko. Ukiona doa jeusi kileleni, ni kwa sababu nukta 4 za ukingo wa kiraka zimekutana mahali pamoja, na nomali (mshale unaoonyesha uso umeelekea wapi, wa kukokotolea mwanga) inatoka sifuri. Hapo iandike mwenyewe, ielekee juu wima. Katikati ya kitako, ielekee chini.

Nakala yenye viraka 28 si mbovu, haina kitako tu.