Fundi Tujibu: Tustroki Ipi Inafaa Kugeuzwa Snoubaiki?

SWALI: Jambo sana fundi. Miye ni mutoto wa Bukavu, sasa niko Boise, Idaho, huu mwaka wa nane. Kazini niko na barafiki wenye wanapanda milima ya theluji na moto (pikipiki), wanatoa magurudumu, mbele wanaweka ski, nyuma wanaweka ule mukanda mukubwa wa mupira wenye meno. Walinipeleka mara moja kule McCall na tangu siku ile silali vizuri. Nyumbani nilikuwa naendesha AG100 ya parokia, kwa hiyo tustroki naijua, ile injini yenye inaunguza oili pamoja na esansi (petroli), kuchanganya naweza nimefunga macho. Sasa kuna moto tatu za mutumba: YZ250 ya 2012, KTM 300 XC-W ya 2016, na Beta 300 RR ya 2019. Bei haziachani sana. Wengine wananiambia niachane na tustroki kabisa nichukue fostroki ya cc 450. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, umenigusa pale kwenye AG100. Mimi nimekulia Moshi na pikipiki ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa hiyohiyo, ya bwana shamba, ule moshi wa bluu wa asubuhi na harufu ya oili iliyoungua, mpaka leo nikiisikia popote narudi nyumbani. Na nakwambia wewe una kitu ambacho watu wengi wanaoingia kwenye mchezo huu hawana, sikio lako linajua tustroki inavyolia ikiwa nzima na inavyolia ikianza kuumwa. Hilo sikio utalihitaji sana.

Nikujibu moja kwa moja. Chukua hiyo KTM, ila kwanza silinda ifunguliwe uione kwa macho. Ikikutwa mbovu nenda kwenye Beta. YZ iwe ya mwisho, na sio kwamba ni mbaya, ni pikipiki nzuri mno, sababu zake nazieleza chini.

Kitu ambacho watu hawaelewi mwanzoni ni kwamba kwenye theluji adui sio joto, adui ni baridi. Sisi tumezoea kwetu, injini inachemka, unasimama chini ya mwembe unasubiri ipoe. Huku rejeta mbili za pikipiki ya krosi zilizotengenezwa kwa ajili ya vumbi na jua zinakaa kwenye hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri huku theluji inarushiwa usoni mwake, kwa hiyo maji ndani yanakuwa ya baridi kama yametoka kwenye friji. Pistoni inapata moto wa mlipuko kila mzunguko, inavimba haraka, na silinda imezungukwa na maji baridi haivimbi kwa kasi ileile. Nafasi kati yao ni nyembamba sana. Ikiisha, zinashikana, injini inanoki papo hapo na mkanda wa nyuma unakwama.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Msimu wangu wa kwanza huku Alberta, Kanada, nilikuwa na 250 ya kiki, nimeipasha dakika mbili tu maana wenzangu walishaanza kuondoka, nikashika mafuta kwenye mteremko wa kwanza wa kupanda, ikalia kama mtu anakwangua sufuria kisha kimya. Nilipoifungua jioni ile pistoni ilikuwa na mikwaruzo minne, kila mmoja kwenye kona yake, imepangika kama imechorwa na rula. Ukiona alama nne hizo ujue pistoni ilivimba kuliko silinda, haikukosa oili. Ndio maana nataka ufungue silinda ya KTM kabla ya kulipa, ukikuta mistari minne hivyo na muuzaji anasema haijawahi kuguswa, shukuru uondoke zako.

Dawa yake ni thermostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Pikipiki nyingi za krosi zinatoka kiwandani bila thermostati, na ukifunga ya kuongezea tafuta ile yenye njia ya pembeni, yaani maji yanaendelea kuzunguka ndani ya injini hata thermostati ikiwa imefunga, halafu maji ya rejeta yanaingia kidogokidogo. Ukifunga ile inayofungua ghafla, maji ya barafu yanaingia kwa mkupuo kwenye silinda yenye moto na umerudi palepale kwenye mikwaruzo minne. Juu ya hapo vaa rejeta kava, injini nayo ivishwe koti lake. Kulanti changanya nusu kwa nusu na maji, hiyo inakulinda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Na asubuhi ipashe taratibu mpaka ukishika silinda kwa mkono usio na glavu uone joto limefika, sio kuangalia saa.

Sasa kwa nini sio YZ. Haina selfu, ni kiki tu. Kwenye barabara ya parokia unakanyaga chini, unapiga kiki, unaondoka. Kwenye theluji ya kina pikipiki imelala ubavu, wewe umezama mpaka kiunoni, umevaa mabuti makubwa, mguu ukiuinua kupiga kiki ule mwingine unazama zaidi, unapiga mara ishirini, jasho linakutoka, na jasho kwenye baridi ile ndio linaanza kukugandisha. Kitufe cha selfu huku sio anasa. Halafu YZ haina koili ya taa, na bila umeme wa ziada huwezi kufunga mishikio ya kupasha moto, na vidole vyako utavihitaji kwenye breki na klachi. Nasikitika kuisema hivyo maana shokapu zake za mbele ni bora kuliko za hizo nyingine mbili, na ski inaitesa sana shokapu ya mbele, ina uzito na inapiga matuta bila tairi la kulainisha. Ukichukua KTM au Beta tenga hela ya springi ngumu zaidi za mbele, usiliache hilo.

KTM ya 2016 ina kabureta ya Keihin, selfu na kiki vyote viwili, koili ya taa, na spea zake ziko kila mahali kwenye nchi hiyo. Betri kama ni ya lithiamu, ikiwa baridi inakuwa nzito kuamka, washa taa kwa muda mfupi ipate joto ndio ubonyeze selfu.

Beta nayo ni nzuri, mtetemo wake ni mdogo kuliko wa KTM ya mwaka ule, nayo ina selfu. Ila hiyo RR ya kawaida ina pampu ya oili, kama ile AG100 yako ambayo oili ilikuwa na tangi lake. Raha kwenye joto, lakini oili ikipigwa na baridi kali inakuwa nzito kama asali na mimi sipendi kukabidhi maisha ya pistoni kwa oili inayojivuta. Ukiichukua tia oili iliyoandikwa ya snoumobili, hizo zimetengenezwa zitiririke kwenye baridi. Na kabla ya yote uliza kama kit unayoitaka, yaani ile seti ya ski na mkanda, ina vifaa vya kuifunga kwenye Beta, maana kila modeli ina ekseli na boliti zake, na wenye KTM wana uchaguzi mpana zaidi.

Kwenye kabureta hapa nisome polepole. Baridi inafanya hewa iwe nzito, urefu wa mlima unaifanya iwe nyepesi, na hivi viwili vinavutana. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa kama asilimia 15 kuliko hewa ya nyuzi 30. Boise mko kama mita 830 juu ya bahari, McCall ni kama mita 1,500, sawasawa na Bukavu kwenu, na ukipanda milima ya hapo juu unapita 2,000, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na usawa wa bahari. Kwa hiyo ukipanga jeti, kile kitundu kinachopima petroli kwenye kabureta, ukiwa kileleni saa saba mchana na jua limetoka, inaenda vizuri kabisa, halafu kesho asubuhi bondeni kuna baridi ya kukata masikio, hewa imekuwa nzito, petroli haitoshi, injini inaungua kwa ukame na wewe unasikia inavuta vizuri kuliko jana. Hiyo utamu wake ndio hatari yake. Panga jeti kwa ajili ya lile bonde la asubuhi, mlimani petroli izidi kidogo na plagi iwe nyeusi kidogo, hakuna aliyeua injini kwa plagi nyeusi. Mkanda ule unakula nguvu, na wewe unashika mafuta muda mrefu bila kuachia tofauti na porini, kwa hiyo oili mimi natia 32 kwa 1, petroli 32 kwa oili 1, yaani karibu mililita 118 kwa galoni moja ya huko kwenu.

Kabureta pia inaganda. Petroli ikigeuka mvuke inapoza, unyevu ulioko kwenye hewa unashika barafu kwenye mlango wa kabureta na mlango unaweza kukwama ukiwa wazi, umeachia mafuta na pikipiki inaendelea kukimbia. Kuna vifaa vinavyopitisha maji ya injini kwenye kabureta kuipasha, vifunge. Na ule uzi wa kuzima injini unaofungwa mkononi, ufunge kila siku, ukianguka unachomoka na injini inazima. Boksi la filta nalo ziba matundu yake ya pembeni kwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia theluji, la sivyo theluji ya unga inavutwa ndani, inayeyuka kwenye filta, inaganda, injini inakosa pumzi.

Kuhusu 450 wenzako hawajakudanganya. Kwenye mashindano ya X Games ya Aspen 2017, mara ya kwanza snoubaiki kushindaniwa pale, alishinda Brock Hoyer wa British Columbia, na kwenye mbio zile 450 za fostroki ndizo zinazotawala. Kwenye theluji ya kina kweli 450 inavuta mkanda bila kulalamika na haisumbui na jeti kama ni ya injeksheni. Lakini wewe unajua tustroki, utaifungua mwenyewe gereji, pistoni na ringi unabadilisha jioni moja, na 300 ina nguvu ya chini ya kutosha kukutoa kwenye shimo. Ukibanwa na bajeti na fundi ni wewe mwenyewe, tustroki inakusamehe mfukoni. Ila 250 kwenda chini kwa mtu mzima kwenye theluji laini nguvu zote zinaishia kuzungusha mkanda.

Kit yenyewe, kampuni ya Timbersled imezaliwa hapohapo kwenu Idaho, mji wa Sandpoint, kwa hiyo za mutumba utazipata jirani. Mkanda wa inchi 120 unageuka vizuri, wa 137 unaelea zaidi kwenye theluji ya kina. Kwa 300 mimi ningebaki na 120, ule mrefu unaomba injini kubwa. Mpya inakula dola elfu kadhaa, wakati mwingine kuliko pikipiki yenyewe, kwa hiyo bajeti ianze na kit, pikipiki ifuate. Niandikie namba za kit kabla hujalipa nikuangalizie kama inakaa.

SWALI: Shikamoo fundi, ni mama wa Edmonton. Kijana wangu wa miaka 16 ana YZ125 na amepata ofa ya kit, anasema akiifunga atapanda na kaka zake milimani. Inafaa kweli? Na mimi kusema ukweli ninaogopa.

JIBU: Marahaba mama, na hofu yako ina msingi. 125 kwenye theluji iliyoshindiliwa, kwenye njia au kwenye shamba, kijana mwepesi atafurahi na atajifunza kushika mizani, ataigeuza kwa mwili kama baiskeli. Kwenye theluji laini ya mlimani haitamtoa, atakuwa anachimba tu mahali pamoja na wenzake wanamsubiri, na mtu aliyekwama chini ya mteremko ndiye wa kwanza kufikiwa na theluji ikiporomoka. Hata thermostati na kava nilizosema kwa ndugu wa Boise azifunge vilevile.

Mlimani asiende mpaka awe na vitu vitatu mwilini mwake, sio kwenye begi la kaka yake: kifaa cha kutuma mawimbi akifukiwa, fimbo ndefu ya kuchokoa theluji, na koleo. Shirika la Avalanche Canada linatoa utabiri wa maporomoko, na kuna mafunzo yake ya mwanzo ya siku mbili, mlipie hayo kabla ya kulipia kit. Na hao kaka zake wavae kila mmoja vyake, maana atakayemchimba ni wao. Mtu aliyefukiwa nafasi yake ya kupona inashuka sana baada ya dakika kama 10 hivi, hakuna muda wa kuita helikopta. Wafanye mazoezi uani kwenu: mmoja azike kifaa chini ya theluji kwenye mfuko, wengine wageuze migongo, halafu wewe mama ushike saa.