Trakteri inazunguka lakini haiwake: angalia moshi mbele ya kununua pompe

SWALI: Jambo yaya. Mi ni mulimaji wa mahindi na maharagi ku route Kasenga, niko na Massey Ferguson 135 ya mazutu, ya zamani kabisa. Tangu baridi ianze mwezi wa tano, kila asubuhi ni mateso. Demareri inazunguka polepole kama mutu mwenye usingizi, moshi mweupe unatoka kidogo, haiwake. Kijana mekanisie anamwanga esansi mu tiyo ya hewa njo inawaka, lakini inagonga kwa nguvu mpaka naogopa. Ikishawaka inatumika muchana muzima, na nikiizima saa ya kula inawaka tena bila shida. Sasa ananiambia pompe ya enjeksio imekufa ninunue ingine, na zile makuta njo za mbegu na mbolea. Ninunue ao nisinunue?
Mama mulimaji, route Kasenga

JIBU: Jambo mama, pole na baridi. Usinunue. Barua yako yenyewe imeshajibu nusu: trakteri inayowaka vizuri saa sita, motere ikiwa ya moto, pompe yake haijakufa. Pompe iliyochoka kwa kawaida inafanya kinyume, asubuhi inawaka, ikishapata moto njo inakataa.

Hii motere ya Perkins ya silinda 3, karibu lita 2,5, haina bujie ya kuwasha moto. Mazutu inashika moto kwa sababu pistoni inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana. Sasa demareri ikizunguka pole, ule moto unapotelea mu chuma cha baridi na hewa inapata muda wa kuvuja mbele mazutu haijashika. Lubumbashi, kule route Kasenga yako inaanzia, iko juu, inapita metre 1 200, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba unazijua mwenyewe. Kwa hiyo trakteri iliyokuwa inawaka kwa bahati mu kipindi cha mvua, baridi ikifika inaonyesha ugonjwa wake wote.

Moshi njo shahidi wa kwanza. Mutu azungushe demareri, wewe simama pembeni uangalie tiyo ya moshi. Kama hakuna moshi hata kidogo, mazutu haifike mu silinda: rezervari, filtri, hewa mu tiyo, ao ile waya ya kuzimia imebaki imevutwa (hii inatokea sana, na batu wamefungua motere nzima kwa sababu yake). Moshi mweusi ni mazutu nyingi hewa kidogo, safisha filtri ya hewa. Moshi mweupe, kama wako, maana yake mazutu inafika lakini haishike moto. Kwako hakuna sababu ya kugusa pompe kwanza, tafuta nguvu ya kuzungusha na joto.

Anza na batri. Ikiwa imepumzika usiku muzima na imejaa, multimetre inapashwa kuonyesha karibu volti 12,6, na wakati demareri inazunguka isishuke sana chini ya volti 10. Kama hauna multimetre, azima batri nzuri ya kamio, lakini moja tu, kamio nyingi ziko na batri mbili zinazounganishwa kufanya volti 24 na hizo zitaunguza demareri yako. Ikiwaka na batri ya kuazima, jibu umelipata bila kulipa mutu.

Lakini batri mupya haisaidie kitu kama kable ni mubaya, na hapa njo ningependa mutulie. Vuta ile waya ya kuzimia ili motere isiwake, weka ncha moja ya multimetre juu ya risasi yenyewe ya batri upande wa masi (ule wa moins), siyo juu ya koliye (kile chuma kinachoshika kable ku batri), ncha ingine juu ya chuma kisafi cha motere, mutu azungushe. Ikipita nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua koliye: utakuta unga mweupe ao wa kijani, na mara nyingi kable ya masi imefungwa juu ya rangi na kutu, buloni limekazwa vizuri kabisa lakini chuma hakigusi chuma. Kwangura mpaka king'ae, kaza, paka grisi juu. Fanya vile vile upande wa plus mpaka ku demareri. Na oili, kama mulitia ile nzito ya 40, asubuhi ya baridi inashika motere yote, tia 15W-40.

Kisha termostarti. Hiki ni kidude kilichofungwa ku kolektere ya hewa (ile tiyo inayogawa hewa mu silinda), kiko na waya moja na katiyo kembamba ka mazutu. Ukiweka kontak ku nafasi ya kupasha, sekunde 15 mpaka 20, ndani kinakuwa chekundu, mazutu inadondoka kidogo, na ukizungusha inawaka na kuingiza hewa ya moto. Ku trakteri nyingi za zamani waya imekatika ao katiyo kameziba, hakuna anayekumbuka, wanamwanga esansi tu. Toa tiyo ya hewa, sogeza bidoni mbali, weka uso pembeni, mutu apashe: kama hakuna wekundu, fuata waya, kama ni chekundu bila moto, zibua katiyo.

Na esansi, mama, leo iwe ya mwisho. Kule kugonga unakosikia ni moto unaowaka mbele ya wakati wake na kupiga pistoni, tena esansi inaosha oili mu silinda. Ile dawa ya kupuliza ya eteri ni mubaya zaidi: siku termostarti itakapofanya kazi na mutu apulize eteri pale pale, kolektere inaweza kupasuka mu uso wake. Mwambie kijana pia asiwashe kwa kugusisha turnevisi ku demareri akiwa amesimama mbele ya gurudumu. Vitesi ikiwa imeingia, trakteri itatembea juu yake.

Ukifanya hayo yote na moshi mweupe unabaki, fungua kizibo cha oili wakati motere inatembea. Kama inapuliza kwa nguvu, segma (zile pete za pistoni) zimechoka, hapo njo tutaongea makuta.

SWALI: Mimi yangu ni kinyume, asubuhi inawaka mara moja, lakini nikiizima saa sita haiwake mpaka ipoe. Motere ni ya aina ile ile.
Papa wa Kipushi

JIBU: Papa, wewe sasa njo mwenye ugonjwa wa pompe. Hakikisha kwanza demareri inazunguka haraka vile vile ikiwa ya moto, sababu demareri iliyochoka nayo inakataa ikipata moto. Kama inazunguka vizuri, siku itakapokataa, motere ikiwa imezimwa, funga vitambaa vyenye maji ya baridi ku pompe, vilowanishe tena na tena mpaka pompe ipoe. Ikiwaka, rota (kile kipande kinachozunguka ndani ya pompe) imelika: mazutu ya moto inakuwa nyepesi na inavuja pembeni yake, presha haitoshe kufungua injekteri, ile inayopuliza mazutu mu silinda.

Mupelekee pompisti mwenye banki ya kupimia, asifungue ku shamba. Kichwa cha pompe na rota vinabadilishwa pamoja, vimechongwa kulingana, mutu akikuuzia kimoja tu kataa. Na mbele ya kurudisha pompe, mwanga mazutu yote ya rezervari, osha chini, weka filtri mupya, maana maji na muchanga wa mazutu ya bidoni njo vimekula hii, na ile ingine vitaikula haraka zaidi.