Mombasa: panga saa kabla ya kupanga hoteli

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia kwamba mwezi ujao anashuka Mombasa na familia kwa siku tatu, na anataka orodha ya hoteli kumi nzuri za kula. Ndugu yangu, orodha ya namna hiyo haitakufaa. Mombasa jiko moja halipiki kila kitu. Anayekaanga mahamri alfajiri hana habari na biriani, na mwenye biriani sufuria lake limekwisha kabla ya alasiri. Ukifika mahali pazuri kwa saa isiyo yake utapewa makombo, kisha urudi bara ukatangaze kwamba chakula cha Pwani kinasifiwa bure. Maneno hayo yanatuuma tunaolijua jiko hili. Basi anza na saa, halafu chakula. Hoteli ije mwisho.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Yatafute Mji wa Kale, Majengo, na vichochoro vya karibu na soko la Marikiti. Hamri zuri limefura hadi likawa wazi ndani. Ukilichana linanukia iliki, na vidole havibaki vimelowa mafuta. Likiwa zito, unga haukupewa muda wa kuumuka. Likiwa limenyonya mafuta, lilitiwa karaini kabla moto haujashika. Mbaazi nazo zilowekwe usiku, zichemshwe zikaive kabisa kwa tui jepesi, na tui zito litiwe mwisho juu ya moto mdogo. Ukiona mchuzi umegawanyika, maji chini na chembechembe juu, tui limekatika kwa moto mkali. Lishakuwa hilo, halirudi. Mahamri matatu kwa bakuli moja la mbaazi yanamtosha mtu mzima. Baada ya saa nne unachopewa kimepashwa moto, na hamri lililopashwa ni kama mpira.

Mchana ni wa biriani na pilau, na siku yake kubwa ni Ijumaa. Kwenye pilau mchele unaivia ndani ya supu ya nyama pamoja na bizari. Kwenye biriani ya hapa, wali na masala hupikwa mbali mbali, vikakutana sahanini. Kwa hiyo ihukumu biriani kwa masala yake. Kinachoyapa uzito ni vitunguu vingi vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, kisha vikavurugwa pamoja na maziwa ya mgando. Mpishi anayebania vitunguu hujaziliza kwa tomato ya mkebe, na hapo masala hugeuka mekundu na makali kwa uchachu. Utayajua kwa macho kabla hujaonja. Wali nao uwe punje punje, nyingine nyeupe, nyingine zimeshika rangi. Ukiwa wote manjano sawasawa, rangi ilitiwa kwenye maji ya kuchemshia, na aliyefanya hivyo alikuwa na haraka.

Ijumaa hoteli nyingi za Mji wa Kale hufunga wakati wa swala. Fika saa sita kamili, au piga simu asubuhi wakuwekee sahani zenu. Ukitegemea kuingia saa nane bila kuagiza, utakuta wali upo na nyama imebaki mifupa.

Sasa samaki wa kupaka, chakula ambacho wageni wengi huuziwa bandia. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza. Huchanjwa mbavuni, hutiwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili, kisha huwekwa juu ya makaa. Pembeni pana mchuzi wa tui zito, bizari na ukwaju, umepikwa hadi ukashikamana na mwiko. Samaki akikaribia kuiva ndipo hupakwa huo mchuzi, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka tui linashika ngozi na kuungua kidogo kwenye kingo. Ile harufu ya tui lililoonja moshi ndiyo unayoilipia. Kazi hiyo kwa samaki mzima haipungui dakika 30 au 40. Akikujia baada ya dakika tano, huyo amekaangwa tangu asubuhi na kumwagiwa mchuzi juu.

Kwa hiyo agiza mapema, na uombe kumwona samaki kabla hajaenda jikoni. Hakuna mpishi wa maana atakayekasirika. Macho yawe angavu na yametokeza, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Macho yakizama na kufanya ukungu, chagua chakula kingine. Tafi wa nusu kilo anamtosha mtu mmoja. Changu au kolekole wa kilo moja na nusu mtamla watatu na wali wa nazi. Nguru mwombe wa kukaanga au wa mchuzi, maana nyama yake hukauka upesi ukiipeleka kwenye makaa.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba au Desemba hadi Machi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki ni wengi na bei inashuka. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwazuia wavuvi wadogo, na sehemu kubwa ya utakachopewa imetoka kwenye barafu. Uliza tu: wa leo au wa friza? Ukiambiwa wa friza, chukua mchuzi, usichukue wa kuchoma. Pweza hupatikana vizuri siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kuwa maji hupwa mbali na miamba ikabaki wazi. Siku za maji mafu, maji yasipopwa mbali, usimng'ang'anie.

Jioni nenda Mama Ngina, kando ya bahari, saa kumi na nusu hadi machweo. Kula viazi karai kwa ukwaju, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa ndimu na pilipili, na dafu. Kabla ya kuagiza viazi karai angalia mafuta ya karai. Yakiwa meusi, yanatoa moshi na povu halitulii, hamia kwa jirani yake. Chagua kibanda chenye foleni, kwa sababu pale viazi havipati nafasi ya kupoa. Beba pesa ndogo ndogo. Wengi hupokea M-Pesa, lakini watu wakijazana mtandao hukuchelewesha na nyuma yako kuna wanaongoja.

Usiku, nenda hoteli ya Tarboush, barabara ya Makadara. Majiko yako mbele kabisa, unaona unachopikiwa. Mwendee mkate wa nyama: unga hutandazwa mwembamba kama shashi, nyama ya kusaga na yai vikafungwa ndani, ukakaangwa kwenye bapa la chuma. Uombe utengenezwe wakati huo huo, na uule pale pale. Ukiubeba ndani ya mfuko hadi Nyali, mvuke huulainisha na raha yote imekwisha. Kuku wa tikka agiza paja. Kidari hukauka haraka kwenye makaa.

Mkitaka meza ya kitambaa na mandhari ya Bandari ya Kale, Tamarind iko Nyali, ng'ambo ya maji. Ni ghali, na ni ya vyakula vya baharini. Weka nafasi mapema, omba meza ya nje, fika kabla jua halijatua. Kamba mkubwa huuzwa kwa uzani, basi apimwe mbele yako uambiwe bei kabla hajapikwa. Bei ikiwa haijajumuisha kodi, ongeza asilimia 16 kichwani.

Na jamani, tuheshimu majiko ya watu. Hoteli za Mji wa Kale hazina pombe, basi usiulize wala usiingie nayo. Vaa nguo ya stara. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana, lakini kuanzia magharibi mji hufunguka kwa kaimati, vibibi, mkate wa sinia na sambusa ambazo siku nyingine huzipati kwa wingi huo. Anayeukwepa mji mwezi huo hujinyima mwenyewe.

Usiondoke bila halua. Onja kwanza: nzuri huteleza, inanukia iliki, na haigandi kwenye meno. Ikiwa inavutika kama gundi, haikukorogwa vya kutosha. Irudishe sinia, ujaribu duka la pili, ukiwa na kikombe cha kahawa tungu mkononi. Ya kusafiri nayo ifungwe kwenye kopo lenye kifuniko, na usiitie kwenye friji, maana baridi huifanya ngumu.